Mtambo Umenyamaza

Miaka thelathini na moja nimelala na ngurumo yake.
Marehemu Nivi alikuwa akisema: kitandani tuko watatu,
mimi, wewe, na hiyo dizeli yako.
Nilijua hali ya mtambo kwa kikohozi:
kikiwa kikavu, chujio limeziba;
kikiwa na majimaji, baridi imeingia tangini.
Leo, Januari, saa nane mchana, giza totoro,
nimeuzima kwa mkono wangu mwenyewe.
Taa hazikuzimika.

Tangu Novemba jua halijakanyaga pwani hii ya Grinilandi.
Saa sita hutuachia urujuani kidogo nyuma ya mlima,
kama mgeni aliyechungulia mlangoni, akaghairi.
Lakini huko juu, juu kuliko ndege ziendazo Nuuk,
pana mahali jua lisipojua kuchwa.
Huko wametundika vioo vitatu vinavyopokezana
kama wakunga usiku wa uchungu mrefu:
mmoja akiinama kupumzika, mwenzake keshakaa.
Vinakamua mwanga, vinaugeuza mawimbi
yasiyoonekana, yasiyonusika,
vinayamimina kwenye wavu wetu wa waya
uliotandwa bondeni, mpana kuliko kijiji mara nne.

Watu walinung'unika, mimi nikiwa wa kwanza.
Tukummeq ndiye aliyekwenda kupima.
Alibeba mafuta ya sili kwenye sahani ya harusi yake,
akayaweka chini ya wavu, katikati kabisa,
akaketi juu ya sleji na saa mkononi.
"Yakiiva haya," alisema, "na sisi tutaiva."
Saa tatu. Mafuta yakawa jiwe.
Kunguru akashuka, akayadonoa, akaruka zake salama.
Tukummeq akarudi akitukana:
"Jua gani hili, hata chai halipashi!"
Akatia sahihi kwa hasira.

Sasa bomba la maji limevikwa waya wa joto, halipasuki.
Samaki wanagandishwa siku hiyo hiyo waliyovuliwa
(mcheke mkitaka: tunanunua baridi, sisi!).
Ndani ya kontena la zamani kuna letusi,
watoto wanaila kama peremende.
Naye Jakku, ambaye figo zilimfukuza kwao,
amerudi; mashine ya kumsafishia damu
inanguruma taratibu kwenye zahanati ya Pilunnguaq.

Sikuwa na mashine mwaka ule meli ilipokwama.
Barafu ilifunga ghuba mwezi mzima kabla ya wakati wake,
na mafuta yalikuwa chini ya kiganja tangini.
Nikapewa karatasi yenye majina ya nyumba:
chagua, fundi, nani azimiwe.
Nilianza na yangu. Ningeanza na ya nani?
Nivi hakulalamika. Alikohoa tu, wiki mbili.
Na mimi, bingwa wa vikohozi,
nilikuwa kwenye mtambo, nikisikiliza mtambo.

Yule mhandisi kijana kutoka Denmark ameniambia
nisiung'oe: niupake grisi, niuwashe kila mwezi,
maana jua nalo lina dhoruba zake,
na siku moja vioo vinaweza kufumba macho.
Nikamjibu: akiba haiozi,
na hapa kwetu hakuna kinachooza.
Alicheka. Mimi sikucheka.

Usiku huu wa kwanza kijiji kizima kiko macho.
Ukimya umetuketi masikioni kama pamba.
Nimeamka saa tisa, nimekwenda kibandani kwa mazoea,
nimeuwekea mkono ubavuni. Baridi.
Nikarudi, nikalala, nikasikia theluji ikiteleza juu ya paa,
jambo ambalo sijawahi kulisikia maishani.
Kisha, kupitia ukuta wa mbao,
mtoto wa jirani akakohoa.
Mara moja. Mara ya pili.
Chenye majimaji.

Nikavaa buti bila soksi.
Taa ya zahanati ilikuwa inawaka.
Nikamgongea Pilunnguaq.